Sikio la Kushoto

Kaa wima, Cishugi. Usilale.
Ngozi ya mtu aliyelala huteleza nyuma kidogo,
unene wa ukucha tu,
na unene wa ukucha ndio utakaokuaibisha Jumapili
watu wakikuangalia kwa upande.

Naziba tundu kwa pamba yenye vaselini.
Tundu bado linasikia: moto ulichukua ukuta,
mlango ukabaki.
"Sitafuti kusikia," aliniambia siku ya kwanza.
Hutengeneza saa pale Nyawera,
na miwani yake, mwaka wa sita huu,
imefungwa upande mmoja kwa lastiki ya soksi.
"Nataka mahali pa kutundika miwani."
Nimefinyanga masikio kumi na manne
katika chumba hiki chembamba cha Ibanda;
sijapata kupewa sababu yenye akili kuliko hiyo.

Lakini la kushoto nilitoe wapi?
La kulia lipo, zima,
ila kioo hakijui kufinyanga nta,
na mkono wangu ukigeuza huongopa.
Tukaupitisha ukoo mzima kwenye benchi.
Wanawe watatu wana masikio ya mama yao,
yamelala kichwani kama ya paka anayenyeshewa.
Shangazi akaleta lake, hereni zimelivuta
hadi karibu na bega.
Binamu mmoja alikuja kwa ajili ya nauli.

Mwishowe mkewe akataja jina
lisilotajwa kwao tangu kesi ya kiwanja cha Kadutu:
Mushagalusa.

Alifika saa nne, tope jekundu hadi kifundoni.
Hakumsalimu kaka yake. Alinisalimu mimi.
Akageuza kichwa dirishani,
na Nabintu, mwanafunzi wangu, akaangusha rula.
Ukingo ule ule. Mkunjo ule ule juu.
Ndewe iliyoshikana na shavu, haining'inii.
"Ile ni sikio ya baba,"
Cishugi aliuambia ukuta.

Bomba lilikuwa kavu, siku ya tatu.
Maji ya bidoni, yaliyolala nje: mazuri,
maji baridi huuchelewesha unga wa mwani,
hunipa dakika ya kutoboa mapovu kwa brashi.
Povu moja likibaki, sikio linazaliwa na chunjua.
Wanasema sikio la kufa halisikii dawa.
Hili langu halijazaliwa, na kaidi tayari.

Nikapaka wote wawili,
mkubwa kovu, mdogo sikio,
mgongo kwa mgongo, maana viti havikuenea vingine.
Msiongee. Msicheke. Mate msimeze.
Taya likicheza, kalibu inadanganya.
Nje muuza ndizi aliita;
aliyemsikia vizuri ni mimi.
Nabintu alishika saa. Saa ilikuwa imesimama.
Cishugi akaiona,
mkono wa fundi ukanyanyuka wenyewe,
nikaurudisha pajani.
Basi nikahesabu kwa mshipa wa shingo ya Mushagalusa,
nao ulikwenda mbio, ukanivurugia hesabu.

Kalibu ya kwanza ilitoka na nywele,
mkunjo wa juu umechanika.
"Tunarudia."
Nilingoja lawama.
Mushagalusa aliketi kabla sijaosha bakuli.

Ya pili iko mezani, imejaa plasta.
Plasta ikiganda hupata joto;
iguse sasa, utadhani ni ya mtu.
Ni ya mtu. Simjui, amezikwa Walungu,
na kila kona ya sikio lake ninayo hapa,
hata kijikovu cha nyuma
ambacho Mushagalusa anasema si cha baba, ni chake,
kaka yake alimtupia jiwe wakiwa watoto.
Nikifute? Nimeuliza. Hawajajibu.

Bado nta, bado silikoni, bado rangi,
na rangi ndiyo itakayonitesa:
sikio lina rangi tano
na jua la Bukavu likitoka baada ya mvua
huzifichua zote.

Waliondoka. Sijui kama walisemezana;
nilikuwa nakwangua bakuli.
Nabintu anasema kwenye ngazi
alimsikia mdogo akiuliza, polepole,
"Ile lastiki ya soksi, uliitoa wapi?"